Mshamba na Kicheko cha Mwingereza

Wako wenzetu wasemao kwamba filamu ya kuchekesha haistahili kuandikiwa makala. Kichekesho, husema, ni kichekesho tu. Mtu hukaa akacheka, kisha huinuka akaenda zake, na mambo mazito ya utamaduni wa taifa yaachiwe ngoma, ushairi, lugha na mila. Wako na wengine ambao, wakisikia tu kwamba filamu fulani ilitengenezwa zama za ukoloni, huitupa kapuni bila kuitazama, kwani kila kilichopita mkononi mwa mkoloni kwao ni najisi. Makundi haya mawili hayapendani, lakini yamekubaliana katika jambo moja: yote mawili hayataki kuitazama filamu yenyewe. Sisi tumeazimia kuyapinga yote mawili pamoja, tukitumia filamu moja nyepesi iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 chini ya serikali ya Kiingereza ya Tanganyika. Jina lake ni Muhogo Mchungu.

Kisa chake si kirefu. Mtu wa shamba aingia mjini, hajui hili wala lile, na wajanja wa mjini wanamfanya mchezo wao. Filamu hiyo ilikuwa moja katika kundi la filamu za Kiswahili zilizotengenezwa miaka hiyo na kampuni ya Johannesburg kwa niaba ya serikali. Ndugu zake ni Chalo Amerudi, Meli Inakwenda, Wageni Wema na Dawa ya Mapenzi. Wachezaji walikuwa Waafrika wa hapa hapa Tanganyika, na mchezaji mkuu wa Muhogo Mchungu alikuwa kijana mmoja mtumishi wa serikali, aliyesoma Tabora, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiye huyo huyo ambaye mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa nchi.

Ili tuipime filamu hii kwa haki, yafaa kwanza tujue ilitoka katika mawazo gani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliendesha majaribio ya kutengeneza filamu za kuwafundishia Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu zaidi ya thelathini na kuzipeleka kwa gari kutoka kijiji hadi kijiji, Tanganyika na nchi jirani. Walionyesha safura, kodi, kilimo, na Benki ya Posta. Katika filamu hiyo ya Benki ya Posta, mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini, mwizi anamwona, fedha zinakwenda. Mwenzake ameziweka Posta, naye yu salama. Msomaji ataitambua mara moja sura hiyo: kuna Bwana Mwerevu na kuna Bwana Mjinga. Mwerevu ni yule aliyefuata shauri la serikali. Mjinga ni yule aliyefuata desturi ya babu yake.

Baadaye, mwaka 1939, serikali ya London ikaunda Kitengo cha Filamu za Makoloni, na mkuu wake, William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya huko Nigeria, akaweka kanuni zake. Alishika kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu kama Mzungu aifuatavyo. Kwa hiyo picha zisikimbie, zisirukeruke, na hila za kamera ziepukwe, asije akachanganyikiwa. Hii ndiyo elimu waliyokuwa nayo watu waliotuandalia sinema.

Sasa tuseme uzuri wa Muhogo Mchungu, nao si haba.

Uzuri wake wa kwanza ni lugha. Hadi wakati ule, Kiswahili kilichosikika katika vyombo vya serikali kilikuwa Kiswahili cha amri, cha matangazo na cha mahubiri. Katika filamu hizi kilitoka katika vinywa vya watu wanaogombana, wanaobembelezana, wanaodanganyana bei. Lugha ikionekana inafanya kazi zake zote hadharani, hupata heshima ambayo sarufi peke yake haiwezi kuipa. Wanaodhani kwamba Kiswahili kililetwa kwenye sanaa za kisasa baada ya mwaka 1961 yafaa wakumbuke hilo.

Uzuri wa pili, ambao sisi tunauona ni mkubwa zaidi, ni kwamba wachezaji walizishinda kanuni za wakubwa wao. Kichekesho hakitaki polepole. Kichekesho kinataka jicho ligeuke upesi, neno lijibiwe kabla halijatua, na mchezaji ajue ni lini anyamaze. Mtu aliyekulia katika hadithi za sungura na fisi, aliyekaa katika kikao cha watani, hahitaji kufundishwa hayo na mtaalamu wa London. Watazamaji nao hawakuchanganyikiwa. Walicheka pale palipotakiwa kuchekwa. Kicheko chao kilikuwa ushahidi dhidi ya Sellers, ushahidi uliotolewa gizani, mbele ya turubai jeupe, na hakuna aliyeuandika katika taarifa.

Wa tatu: ilimwonyesha Mwafrika uso wake. Kabla ya hapo aliyelipa senti zake kuingia sinema mjini aliwatazama wachunga ng'ombe wa Marekani wakipigana bastola, au wapenzi wa Kihindi wakiimbiana bustanini, au yule Charlie Chaplin, mzaliwa wa London, ambaye twaamini ndiye aliyetuachia neno chale. Kumwona mtu wa kwenu, mwenye kanzu ya kwenu na sauti ya kwenu, akiwa ndiye kiini cha kisa, halikuwa jambo dogo. Asiyekubali hivyo ama hajui sinema ama hajui watu.

Lakini baada ya sifa hizo zote linabaki swali ambalo hakuna mwalimu wa fasihi anayeruhusiwa kulikwepa: anayechekwa ni nani, na anayecheka amesimama wapi?

Anayechekwa ni mshamba. Anachekwa kwa namna anavyoyaamini maneno ya watu, na kwa kuingia mji usio wake. Huo ndio ubovu wa filamu hii, na ubovu huo haukutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kutunga sheria ya kuwaondoa mijini wale iliowaita wenyeji wasiotakiwa. Kijana aliyetoka bara kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akakutwa hana ajira ya kuonyesha, aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Serikali iliyohitaji jasho lake kwenye mashamba ya mkonge na bandarini haikumtaka akae mjini kama mwananchi. Basi kazi ya askari na kazi ya kichekesho zilikwenda bega kwa bega: askari alimtoa mshamba mjini kwa nguvu, na filamu ikawaambia watazamaji kwamba hata hivyo mji haukumfaa, tazameni alivyo mjinga. Mtu aliyechekwa vya kutosha hujiondoa mwenyewe.

Hatudai kwamba wachezaji walikusudia hayo. Mchezaji hufanya kazi aliyopewa, na hawa waliifanya kwa ustadi. Wala hatudai kwamba mtazamaji wa Ilala alikaa akahesabu vifungu vya sheria. Twasema tu kwamba kisa kilichaguliwa na mtu, na mtu huyo hakuwa mshamba.

Hapa wenzetu wa kundi la kwanza hutujibu kwamba ndivyo vichekesho vilivyo duniani kote. Daima mtu wa shamba huchekwa na mtu wa mjini, na Waingereza wenyewe huwacheka wakulima wao. Jibu hilo ni jepesi mno, na filamu za Waingereza wenyewe zinalikanusha. Mwaka 1949, yaani miaka michache tu kabla ya Muhogo Mchungu, studio ya Ealing ya London ilitoa filamu nyepesi ya kuchekesha iitwayo Whisky Galore!, iliyoongozwa na Alexander Mackendrick na kupigwa katika kisiwa cha Barra, Uskoti. Yafaa tuisimulie kidogo, maana ndiyo mizani yetu.

Ni wakati wa Vita Kuu ya Pili. Katika kisiwa kidogo cha kubuni kiitwacho Todday, pombe ya wiski imekwisha kabisa, na wazee wamekaa kama watu waliofiwa. Usiku mmoja wa ukungu meli yenye makasha 50,000 ya wiski inakwama kwenye miamba. Wanakisiwa wanataka kuyaokoa makasha hayo kabla meli haijazama. Anayewazuia ni Kapteni Waggett, Mwingereza, mkuu wa askari wa mgambo, mtu wa kanuni na taratibu, ambaye kila kitu anacho isipokuwa busara. Wavuvi wale wanamzunguka. Wanaficha chupa kila mahali, wanawachenga maofisa wa forodha waliokuja kupekua, na wanamwacha kapteni amesimama peke yake na kanuni zake. Mwishoni hata mke wake mwenyewe anaangua kicheko.

Filamu hiyo nayo ina kasoro zake. Inaufanya wizi wa mali ya shehena uonekane kama mchezo wa watoto, na inaisifu pombe kupita kiasi. Waliponadi nje ya Uingereza iliwabidi waweke mwishoni maneno ya kumtuliza mtazamaji kwamba wiski iliisha na wanywaji hawakupata raha. (Sisi tusiokunywa tuliyapokea maneno hayo kwa furaha, ingawa tulijua hayakuwa ya dhati.) Lakini tazameni mahali msanii aliposimama. Amesimama upande wa kijiji. Mwenye cheo, mwenye lugha ya makao makuu, mwenye barua kutoka juu, ndiye anayechekwa; mtu wa ufukweni asiyejulikana na yeyote ndiye mwenye akili.

Basi linganisheni. Taifa lile lile, katika miaka ile ile, lilikuwa na vichekesho vya aina mbili. Kwao nyumbani walikuwa na kichekesho ambamo mwanakijiji anamshinda afisa. Kwetu walileta kichekesho ambamo mwanakijiji ni mjinga, na afisa haonekani kabisa, maana afisa ndiye aliyeagiza filamu. Hebu mtu atuambie ni lini serikali ya Tanganyika ilitengeneza filamu ambamo Bwana Shauri anakwama matopeni na wakulima wanamcheka. Kicheko cha namna hiyo kilikuwapo, na wazee wetu walikicheka jioni motoni. Hakikupewa turubai.

Katika mila zetu kicheko kina sheria. Watani huchekana, tena kwa maneno ambayo mgeni akiyasikia atadhani ni vita. Lakini mtani akikuambia neno nawe una ruhusa ya kumrudishia, papo hapo, na zaidi. Na siku ya msiba yule aliyekutukana jana ndiye atakayefika kufanya kazi za mazishi. Kucheka kwake kumefungamana na wajibu wake. Filamu ya mshamba imeukata uzi huo. Mshamba anachekwa na hana zamu ya kujibu. Na aliyemcheka hatafika kwake kuchimba kaburi.

Jambo linalotusikitisha ni kwamba mkoloni aliondoka, na kicheko chake tukakitunza. Baada ya Uhuru tulianzisha Shirika letu la Filamu, mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 likatoa Fimbo ya Mnyonge, filamu yenye nia njema kabisa ya kueleza Ujamaa. Humo tena tunamwona mtu wa kijijini aendaye mjini, mji unamkataa, naye anarudi. Safari hii anarudi kwenye kijiji cha ujamaa, na hiyo ni tofauti kubwa ambayo hatutaki kuidharau; hata hivyo njia aliyopitia ni ile ile iliyochorwa miaka ishirini nyuma. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimweka mkulima katika kiti cha heshima. Lakini neno mshamba, ambalo kwa asili maana yake ni mtu wa shamba na basi, liliendelea kuwa tusi katika vinywa vya watu wale wale walioimba sifa za mkulima kwenye maandamano. Kisha ikaja video, ikaja televisheni, na vichekesho vya miaka ya 2000 na 2010 vikajaa watu wanaochekesha kwa jambo moja tu: wanatamka Kiswahili kama watu wa makwao. Mchezaji akisema kwa lafudhi ya Kigogo, Kisukuma au Kinyaturu, watu wameshaanguka chini kwa kicheko kabla hajamaliza sentensi. Huhitaji kisa wala wazo. Lafudhi imetosha.

Nasi tuliozaliwa Mgori, mkoani Singida, tunajua kicheko hicho kinagharimu nini. Mtoto atokaye huko, aliyekulia nyumba ya tembe, akifika shule ya bweni, siku ya kwanza anaposimama kusoma darasani, wenzake wanacheka. Sisi tulichekwa hivyo, katika shule ambayo hakuna haja ya kuitaja, na mwalimu naye akacheka. Matokeo yake ni nini? Mtoto hunyamaza. Hunyamaza kwa Kiswahili kwa sababu lafudhi yake ni kichekesho, na likizo akirudi nyumbani hunyamaza kwa Kinyaturu kwa sababu ameanza kukionea haya. Tumewaona vijana werevu waliomaliza kidato cha nne bila kuuliza swali hata moja kwa sauti. Na miongoni mwao walikuwamo waliojua hesabu kuliko waliowacheka.

Sasa tumtazame huyo mshamba wa Mgori kama alivyo, mbali na turubai. Mgori una msitu mkubwa wa miombo, makumi ya maelfu ya hekta. Kwa muda mrefu msitu huo ulikuwa ukiliwa na wapasua mbao na wachoma mkaa, na fikra za kiofisi zilikuwa kwamba dawa yake ni serikali kuutwaa na kuulinda yenyewe. Katika miaka ya 1990 ikachukuliwa njia nyingine. Baada ya vijiji vya Duru-Haitemba, wilayani Babati, kuonyesha mfano mwaka 1994, vijiji vitano vya upande wetu, Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga, viligawana msitu wa Mgori, kila kijiji na sehemu yake, vikaweka sheria ndogo zao, vikachagua walinzi miongoni mwa vijana wao, na vikaanza kuwakamata waharibifu. Habari zao zikaandikwa na wataalamu wa misitu na kusomwa mbali na hapa. Na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaipa hifadhi ya msitu ya kijiji nafasi yake rasmi nchini. Yaliyoupata msitu huo baadaye, na mabadiliko ya usimamizi wake, ni habari nyingine inayohitaji makala yake. Lakini hili halifutiki: watu ambao katika Muhogo Mchungu wangekuwa kichekesho, ndio walioshika msitu.

Katika kisa hicho, ndugu msomaji, kichekesho kimejaa tele, na hakuna aliyekichuma. Tunao mtaalamu anayeshuka kwenye gari na karatasi zake, asiyeweza kuutofautisha mninga na mtundu, akimfundisha mzee ambaye amekata fito msituni humo miaka hamsini. Tunao mpasua mbao wa mjini, mwenye fedha na maneno mengi, anayekamatwa na vijana watatu wenye fimbo na kutozwa faini kwa kijitabu cha risiti kilichoandikwa kwa penseli. Tunao mwenyekiti wa kijiji ambaye shemeji yake mwenyewe ndiye mwizi wa mbao, naye sasa atafanyaje? Huyu wa mwisho ni muhimu, kwa sababu kichekesho cha kweli hakimwachi mwanakijiji kuwa malaika. Hatuombi mkulima asichekwe kamwe. Sanaa ya namna hiyo tumeiona, ni hotuba iliyovaa kaniki. Tunaomba achekwe kwa makosa yake halisi, na apewe zamu yake ya kumcheka aliyekuja na gari.

Kwa wale wa kundi la pili, wanaotaka filamu za kikoloni zitupwe, tunasema kwamba kutupa ni kazi rahisi mno. Ukimficha mwanafunzi Muhogo Mchungu, atakutana na mtoto wake na mjukuu wake kwenye simu kila siku, wala hatajua ukoo wao. Afadhali aelezwe filamu hiyo, na pale inapopatikana aonyeshwe, afurahie Kiswahili chake na ustadi wa wachezaji wake, kisha aulizwe nani aliyeagiza kisa. Baada ya hapo aonyeshwe Whisky Galore!, hata kama atahitaji mwalimu wa kumfasiria, aulizwe swali hilo hilo tena. Vipindi viwili vitatosha. Tumewahi kuona vipindi vingi zaidi vikitumika kukariri tarehe za utungaji wa vitabu ambavyo mwalimu mwenyewe hakuvipenda.

Kisha mwalimu awape kazi ya kuandika. Kila mwanafunzi atunge mchezo mfupi wa kuchekesha, dakika kumi, ambamo mtu wa kwao na mtu aliyetoka makao makuu wanakutana. Atumie lafudhi ya kwao akitaka, mradi mwenye lafudhi hiyo ndiye anayesema neno lenye akili, au angalau ndiye anayejibu mwisho. Wanafunzi wa Mgori waanze na yule mtaalamu na mti wake wa mninga. Na mchezo huo usichezwe darasani peke yake. Uchezwe uwanjani, siku ya mkutano wa kijiji, bwana misitu akiwa amekaa kiti cha mbele.